Kufuta mashini na simu za kazi kutoka mbali: yale ambayo biro za makanisa yetu zinapaswa kujua

Mashini ya biro inaweza kufutwa na mtu asiyeishika mkononi. Akiwa Kinshasa, Nairobi au Geneva, fundi wa informatiki anafungua ukurasa wa usimamizi, anachagua jina la kifaa, anatoa amri, na kompyuta iliyoko Ibanda au Kadutu inajisafisha mpaka inabaki kama siku ilipotoka dukani. Ili hilo liwezekane, kifaa lazima kiwe kimeandikishwa mapema katika programu ya usimamizi. Zinazojulikana zaidi ni Intune ya Microsoft na ile iliyo ndani ya Google Workspace. Kifaa ambacho hakikuandikishwa hakisikii amri ya biro, hata kama risiti yake ina muhuri wa kanisa.

Wapendwa wengi walidhani haya ni mambo ya mashirika makubwa yenye magari meupe. Mwezi wa pili wa 2025 ulituonyesha vingine. Tarehe 14 uwanja wa ndege wa Kavumu ulichukuliwa na M23, na tarehe 16 wapiganaji wake walikuwa katikati ya Bukavu. Kati ya siku hizo mbili, mji ukiwa hauna anayeulinda, maduka na depo vilivunjwa. Shirika la Chakula Duniani, PAM, lilitangaza kwamba karibu tani 7,000 za chakula ziliporwa katika depo zake. Mahali magunia yanapobebwa, kompyuta nazo hubebwa, maana ni nyepesi na soko lake liko karibu.

Tujiulize kuna nini ndani ya mashini zetu. Hesabu za sadaka na mihtasari ya vikao, ndiyo. Lakini Kivu ya Kusini ni jimbo ambamo makanisa ya Kiprotestanti yamebeba hospitali, nyumba za ushauri na vituo vya wakimbizi wa ndani. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 chini ya CEPAC, ndiyo inayojulikana zaidi duniani. Kazi ya namna hii huandika majina: msichana aliyenajisiwa, kijiji chake, aliyemtendea, kijana aliyetoka katika kundi la silaha na sasa anajifunza useremala, familia iliyopokea wageni usiku. Gunia la unga likiibwa linaliwa na kwisha. Orodha ya majina inaweza kusomwa baada ya miaka kumi na mtu ambaye hatukumfikiria kabisa.

Wenzetu wa mbali wameliona hilo. Taliban walipoingia Kabul mwezi wa nane 2021, iliripotiwa kwamba vifaa vya jeshi la Marekani vya kuchukua alama za vidole na mboni za macho vilibaki mikononi mwao. Mwaka uliofuata watafiti wa Ujerumani walinunua kifaa cha aina hiyo kwenye soko la intaneti kwa dola 68. Ndani yake walikuta majina, picha, alama za vidole na mboni za watu 2,632, wengi wao wa Afghanistan na Iraki. Hakikuwa kimefutwa. Kilikuwa kimeuzwa tu, kama redio ya zamani.

Sasa tueleze amri zenyewe, maana watu huzichanganya, na kuzichanganya kunaleta hasara.

Amri ya kwanza ni kufuta yote. Kifaa kinarudi katika hali ya kiwandani, na kila kitu kinaondoka: barua, picha, programu, hata hati ambazo mwenye kukitumia aliziweka kwa siri. Amri ya pili inaondoa vya kazi tu. Barua pepe ya kanisa, hati za kanisa na programu zilizowekwa na biro vinatoka, lakini picha za harusi ya binti wa mchungaji zinabaki mahali pake. Ya tatu ni kutoa kifaa kwenye orodha, na inafaa kwa kile kilichokufa au kilichokwisha kukabidhiwa kwa mwingine. Wengine huanza na hiyo ya tatu wakidhani wamefuta. Jina likishatoka kwenye orodha, ni vigumu tena kujua kama kifaa kilisafishwa au hapana. Kwa hiyo toa amri ya kufuta kwanza, ngoja jibu, ndipo utoe jina.

Na hapo kwenye kungoja ndipo penye ugumu wa huku kwetu. Amri hairuki hewani na kuipiga kompyuta. Inakaa kwenye seva mpaka kifaa kiwake, kipate intaneti na kiulize kama kuna ujumbe wake. Kifaa kilichowaka na chenye mtandao hupata mwito mara moja. Kisipousikia, vifaa vya Intune kwa kawaida huuliza vyenyewe kila saa nane hivi. Lakini mashini iliyozimwa na kufungwa ndani ya mfuko haiulizi kitu. Umeme wa SNEL tunaujua, na rezo wakati wa vita tunaijua. Mwizi mwenye akili hataiunganisha na intaneti kabisa. Atatoa diski, au atasafisha yote na kuweka Windows upya, na amri yako itabaki imeandikwa kwamba inasubiri. Anayeambiwa na fundi kwamba biro iko salama kwa sababu inaweza kufutwa kutoka mbali ameambiwa nusu ya habari.

Nusu ya pili ni kufunga diski kwa siri, yaani kuigeuza iwe maandishi yasiyosomeka bila ufunguo. Windows ya toleo la Pro ina BitLocker kwa kazi hiyo. iPhone yenye kode ya kufungua imefungwa hivyo tayari, na simu za Android zilizotoka kiwandani na toleo la 10 au la baadaye pia. Ndiyo sababu simu ya kisasa hufutika kwa muda mfupi: haipangusi kila picha moja moja, inaharibu ufunguo na yaliyobaki yanakuwa takataka. Kwa maoni yangu, biro yenye fedha ya kufanya jambo moja tu mwaka huu ifunge diski za kompyuta zake zote, na mambo ya kufuta kutoka mbali yaje baadaye. Diski iliyofungwa hailindwi na mtandao. Hata ikiwa juu ya meza ya soko la Kadutu, bila neno la siri haisemi kitu. Sharti neno hilo lisiwe limebandikwa kwenye kioo cha mashini, kama ninavyoona katika biro nyingi ninazotembelea.

Kufuta kuna sharti lingine: yale yanayofutwa yawe na nakala mahali pengine. Katika Yeremia sura ya 36, mfalme Yehoyakimu alikuwa akikata gombo kwa kisu cha mwandishi na kulitupa motoni kipande kwa kipande. Habari haikuishia hapo kwa sababu Yeremia alikuwa hai na Baruku alikuwa na wino. Gombo jingine liliandikwa, na maneno yakaongezwa. Mhasibu wetu hana kinywa cha nabii cha kumsomea tena hesabu za miaka mitatu. Nakala iwe kwenye seva ya jumuiya au kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa siri, nayo isikae katika kabati moja na kompyuta. Sekretere anayejua kwamba nakala iko atatoa amri ya kufuta saa ileile kifaa kinapopotea. Asiye na nakala atasitasita siku tatu, akiomba mwizi arudishe.

Kuhusu simu binafsi nina msimamo, na ndugu wengine hawakubaliani nami. Wachungaji wengi hutumia simu zao wenyewe kwa kazi ya kanisa kwa sababu kanisa haliwanunulii. Sioni haki kwa biro kuwa na uwezo wa kufuta simu ambayo mchungaji ameinunua kwa mshahara wake, ambamo kuna sauti ya mama yake aliyefariki. Android inakubali kuweka sehemu ya kazi iliyotengwa na ya nyumbani. Biro inafuta ile ya kazi, na nyingine haiigusi wala haiioni. Hilo linatosha. Anayeandikishiwa simu aelezwe kwa lugha anayoielewa ni kitu gani biro inaona na ni kitu gani inaweza kufuta, kisha atie sahihi. Ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, yaani Sheria ya Numeriki ya nchi yetu, ina sehemu juu ya ulinzi wa habari za watu binafsi, na makanisa hayakuwekwa nje yake.

Kuna pia mashini tunazopewa. Mradi ukifungwa Kivu, kompyuta zake mara nyingi huachiwa shule, kituo cha afya au paruasi. Mwaka 2025 miradi mingi ilifungwa, hasa ile iliyosaidiwa na USAID. Shirika hilo lenyewe, mwanzoni mwa mwezi wa tano mwaka huo, liliamua kutokusanya vifaa vya wafanyakazi wake wa Marekani waliokuwa wakiondoka: vingefutwa kutoka mbali na kuandikwa kwamba vimetupwa. Anayepokea mashini ya mradi ajue kwamba kufutwa si sawa na kuachiliwa. Kompyuta iliyoandikishwa kwa namba yake huweza kusafishwa kabisa, na ikiwaka na kupata intaneti ikadai tena barua pepe ya shirika la kwanza. iPhone nayo hubaki imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa kale. La hatari zaidi ni ile inayowaka vizuri lakini bado iko kwenye orodha ya mtoaji. Siku moja mtu wa mbali akisafisha orodha yake, matokeo ya wanafunzi wenu yatasafishwa pamoja nayo. Pamoja na barua ya zawadi, ombeni uthibitisho kwamba namba ya kifaa imetolewa katika usajili wao, na muombe kabla fundi wao hajamaliza mkataba, maana baadaye hakuna atakayejibu.

Inabaki swali la nani ashike amri. Fundi mmoja mwenye uwezo wa kufuta vifaa vyote vya jumuiya, kutoka Uvira mpaka Bunyakiri, ana nguvu ambayo hatumpi hata mweka hazina, na makanisa yetu yanajua mafarakano. Baadhi ya programu huruhusu amri ya kufuta isipite mpaka msimamizi wa pili akubali. Mahali inapowezekana, iwekwe hivyo. Wasimamizi wawe wawili, mmoja akikaa nje ya mji, kwa sababu mji ukifungwa wote wawili wasifungwe pamoja. Mtumishi anapoondoka, kwa amani au kwa ugomvi, akaunti yake isimamishwe siku hiyohiyo na kifaa cha kanisa kirudishwe mbele ya mashahidi; asiporudisha ndipo amri itolewe, nayo iandikwe: nani ameitoa, saa ngapi, kwa sababu gani. Namba za vifaa, funguo za BitLocker na telefone za wasimamizi hao wawili ziandikwe kwenye karatasi, zitiwe katika bahasha, na bahasha hiyo ikae mbali na biro, kwa mfano kwa Mwakilishi wa Kisheria au katika paruasi ya mji mwingine.