Historia: Karatasi zikiungua, nani atamwamini askari wa zamani?

Kwa mwenye kukimbia vita, kupoteza karatasi ni jambo linalojulikana. Nyumba inaungua na vyeti vyote ndani, na siku ya kuomba haki yake mtu anaulizwa: ushahidi uko wapi? Swali hilo waliulizwa pia askari wa zamani wa Marekani, nchi yenye ofisi nyingi na makabati yaliyojaa dosiye. Kupata jibu la haki kulichukua zaidi ya miaka 100.

Huko Marekani, askari aliyeumia au kuugua akiwa jeshini ana haki ya kulipwa kila mwezi. Ili alipwe, anatakiwa kuonyesha mambo matatu: kwamba leo ana ugonjwa au kilema, kwamba kuna jambo lililompata alipokuwa jeshini, na kwamba kilema hicho kinatokana na jambo hilo. Baada ya hapo ulemavu wake unapimwa kwa asilimia, kumi kumi, kuanzia 0 mpaka 100. Asilimia ikipanda, malipo nayo yanapanda. Ugomvi mwingi unatokea kwenye jambo la tatu na kwenye asilimia.

Zamani, aliyekataliwa alikuwa na njia nyembamba sana. Mwaka wa 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, bunge la Marekani liliamua kwamba avoka anayemsaidia askari kudai malipo asilipwe zaidi ya dola 10. Nia ilikuwa kuwazuia matapeli waliokuwa wanakula pesa za vilema na za wajane. Lakini dola hizo 10 hazikubadilika kwa zaidi ya miaka 120. Bei ya kila kitu ilipanda, malipo ya avoka yakabaki palepale, na maavoka wakaziacha kesi hizo. Askari wakabaki kusaidiwa bila malipo na vyama vyao, kama American Legion na Disabled American Veterans.

Mlango wa pili ulifungwa mwaka wa 1933. Uchumi ulikuwa umeanguka, na Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya kubana matumizi iliyopunguza malipo ya askari wa zamani. Sheria hiyo ilisema pia kwamba uamuzi wa serikali juu ya malipo hayo ni wa mwisho, hauwezi kupelekwa kortini. Mwezi wa saba mwaka huohuo iliundwa Bodi ya Rufaa za Askari wa Zamani. Ilisikiliza rufaa, ndiyo, lakini ilikuwa ndani ya idara ileile iliyokataa dai. Serikali ilikuwa mlipaji, mkataaji, na tena mwamuzi.

Hali hiyo iliendelea kwa miaka 55. Waliorudi kutoka Vietnam wakisema wameugua kwa sababu ya Agent Orange, dawa ya kuua majani iliyomwagwa na ndege, walikataliwa kwa wingi. Wengine walikuwa wamesimamishwa karibu na majaribio ya bomu la nyuklia. Hao waliishtaki serikali, wakitaka ruhusa ya kuwalipa maavoka vizuri. Mwaka wa 1985 Korti Kuu ya Marekani iliwakatalia. Ikasema mpango huu haukuwekwa uwe mapambano ya maavoka.

Kilichoshindikana kortini kilipatikana bungeni. Tarehe 18 Novemba 1988 Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria iliyounda korti huru kwa ajili ya kesi hizi, na iliyoondoa kikomo cha dola 10. Korti ilianza kazi mwaka wa 1989. Kwa mara ya kwanza, jaji asiye wa idara ile aliweza kuiambia Bodi: mmekosea, rudieni.

Sheria hiyo iliandika pia kanuni ambayo ofisi zilikuwa nayo tangu zamani, lakini bila mtu wa nje wa kuzisimamia: ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana, shaka inamfaidi askari. Mwaka wa 1990, katika kesi ya Gilbert, majaji waliieleza kwa mfano wa mchezo wa baseball, ambamo mpira na mkimbiaji wakifika pamoja, mkimbiaji ndiye anayehesabiwa kuwa ameshinda. Basi askari halazimiki kushinda mbali. Mizani ikisimama katikati, inatosha.

Kanuni hiyo ina uzito kwa sababu ya moto. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kutunzia dosiye za jeshi karibu na mji wa St. Louis liliwaka. Dosiye kati ya milioni 16 na milioni 18 ziliteketea, na hazikuwa na nakala. Kati ya zile za jeshi la nchi kavu za waliotoka kazini tangu mwaka wa 1912 mpaka 1960, karibu 80 kwa 100 zilipotea. Wazee waliopigana Ulaya na Korea waliambiwa walete karatasi ambazo serikali yenyewe ilikuwa imeziunguza.

Mwaka wa 1991 korti mpya ilisema kwamba dosiye zikipotea mikononi mwa serikali, wajibu wa Bodi wa kueleza sababu zake na kuipima vizuri ile shaka unaongezeka. Mwaka wa 2006 korti ya juu zaidi, katika kesi ya Buchanan, iliongeza kwamba maneno ya askari, ya jamaa zake au ya wenzake hayawezi kutupwa kwa sababu tu hakuna karatasi ya daktari ya siku zile. Yanaweza kupimwa na hata kukataliwa, lakini lazima yapimwe.

Hata siku za kukata rufaa zilileta kesi. David Henderson, aliyekuwa jeshini wakati wa vita vya Korea, alikuwa na ugonjwa mkali wa akili. Alichelewa siku 15 kufika kortini, naye akafukuzwa. Alifariki mwaka wa 2010 kesi ikiwa bado Korti Kuu, na mke wake akaiendeleza. Mwezi wa tatu mwaka wa 2011 majaji wote waliosikiliza walikubaliana: kuchelewa peke yake hakuondoi uwezo wa korti kusikiliza.

Tangu Februari 2019 aliyekataliwa ana mwaka mmoja wa kuchagua njia: kuleta ushahidi mpya unaohusika, kuomba afisa wa juu apitie dosiye ileile bila kuongeza kitu, au kwenda kwenye Bodi. Bodi ikimkatalia, ana siku 120 kwenda kortini. Korti haipokei ushahidi mpya. Inasoma dosiye na kutazama kama sheria ilifuatwa, na mara nyingi inairudisha kwa Bodi.

Haki hii haiulizi uraia. Vijana wa familia za Kongo zilizohamishiwa Marekani, wakiwa na kibali cha kukaa cha kudumu, wanaweza kuingia jeshini. Akiumia huko, kijana huyo atapimwa kwa mizani hiyohiyo. Kwake na kwa wazazi wake, barua ya kukataliwa ni ya kutunzwa pamoja na bahasha yake, kwa maana tarehe iliyo juu yake ndiyo inayoanza kuhesabu ule mwaka mmoja.