Mikutano ya kusaidiana kuacha pombe

Mikutano ya kusaidiana kuacha pombe ni vikao vya watu waliozidiwa na ulevi, wanaokutana kwa hiari na bila ada ili kila mmoja abaki bila kunywa. Inayojulikana zaidi ni ile ya Alcoholics Anonymous, jina lenye maana ya walevi wasiotajwa majina, ambalo wengi hulifupisha kuwa AA. Leo ina makundi zaidi ya 120,000 katika nchi takriban 180. Kikao hakiongozwi na daktari wala mshauri nasaha: anayesema ni mlevi, na wanaomsikiliza ni walevi.

Mtindo huu ulianzia Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, mwezi Mei 1935. Bill Wilson, mtu wa soko la hisa kutoka New York, alikuwa amekaa miezi mitano hivi bila kunywa. Biashara iliyompeleka Akron ikaharibika, naye akajikuta peke yake hotelini, baa iko hatua chache tu. Badala ya kuingia, alishika simu na kuanza kuwapigia viongozi wa dini wa mji ule, akiomba akutanishwe na mlevi mwingine. Akakutanishwa na Robert Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa ameshindwa kuacha. Smith alikubali kumpa dakika 15. Walizungumza kwa saa kadhaa. Wilson hakumtafuta mwenzake ili amwokoe. Alimtafuta ili yeye mwenyewe asinywe siku ile, na jambo hilo ndilo la kushika kuliko yote katika historia hii. Smith alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, siku inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa AA. Kitabu chao cha mwaka 1939 ndicho kilichozitangaza hatua 12 za kuacha ulevi zinazofuatwa hadi sasa.

Kabla ya kutafuta mkutano, kuna jambo lisilofaa kupuuzwa. Mtu anayekunywa kila siku, anayeamka akitetemeka na kulazimika kuzimua asubuhi ndipo mikono itulie, asikate pombe ghafla bila kuonana na daktari. Anaweza kupata degedege, au kuanza kuona na kusikia visivyokuwepo, na hali hiyo huua. Mkutano hauchukui nafasi ya hospitali.

Nchini Kenya, NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina simu ya bure, 1192, ambapo mtu anaweza kuomba ushauri na kuelekezwa kwenye msaada. Kwingineko, pa kuanzia kuulizia ni kitengo cha afya ya akili cha hospitali, nyumba za marekebisho na makanisa, kwa kuwa makundi mengi huazima kumbi za kanisa bila kuwa mali ya kanisa. Zanzibar zipo nyumba ziitwazo soba hausi. Nyingi zilianzishwa kwa ajili ya waraibu wa heroini, lakini hatua 12 zimeota mizizi humo pia. Tangu mwaka 2020 mikutano ya mtandaoni imeongezeka sana, na imewafaa hasa wanaoishi mbali na miji mikubwa.

Kizuizi kikubwa kwetu, kwa maoni ya mwandishi, si umbali. Ni macho ya watu. Mtaani kila mtu ni mtoto wa fulani, na mama anayekunywa kwa siri huogopa kuonwa akiingia kuliko anavyoiogopa chupa yenyewe. Basi na achague kikao cha mtaa mwingine; hakuna kanuni inayokataza. Mkutano wa wazi huruhusu ndugu na wageni, ilhali wa ndani ni wa wenye tatizo pekee. Humo mtu hujitambulisha kwa jina moja, na yaliyosemwa hayatoki nje. Sharti la uanachama ni moja tu: nia ya kuacha kunywa.

Mgeni halazimiki kusema. Anaweza kukaa kimya saa nzima, akasikia mtu asiyemjua akisimulia jinsi alivyoficha gongo kwenye dumu la maji, akashangaa kusikia maisha yake mwenyewe yakitajwa. Hakuna anayemkatiza msemaji wala kumhukumu. Mchango hupitishwa mwishoni, na asiye na kitu hatoi. Hatua zinamtaja Mungu, lakini kila mtu huachiwa amwelewe kwa namna yake. Mwislamu hatakiwi kuiacha dini yake mlangoni.

Tathmini ya shirika la Cochrane ya mwaka 2020, iliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, iligundua kwamba programu zinazowaandaa watu kujiunga na AA huwasaidia zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo. Mke, mume na watoto wa mlevi nao wana mikutano yao, Al-Anon, iliyoundwa mwaka 1951.

Wengi huanguka tena, wengine mara kadhaa. Anayerudi baada ya kunywa hupokewa na kupewa kiti, na hesabu yake inaanza upya na siku ya kwanza. Kabla hajaondoka, wenzake humpa namba zao za simu, apige kabla ya kufungua chupa, hata kama ni saa nane za usiku.