Kipaji na Kibali: Nani Humtengeneza Mwanasoka Mkimbizi?

Tarehe 13 Juni 2022, mjini Al Rayyan, Qatar, Australia na Peru zilimaliza dakika 120 bila kufungana. Katika mikwaju ya penalti, Awer Mabil alipiga mkwaju wa sita wa Australia na kufunga. Kipa Andrew Redmayne akaupangua mkwaju wa Peru uliofuata, na Australia ikafuzu Kombe la Dunia. Baada ya mechi Mabil alieleza kwamba bao lile lilikuwa njia yake ya kuishukuru Australia kwa niaba ya familia yake.

Mabil alizaliwa mwaka 1995 katika kambi ya Kakuma, kaunti ya Turkana nchini Kenya, na wazazi waliokimbia vita vya Sudan. Maisha kama yake husimuliwa kama ushindi wa kipaji na bidii dhidi ya dhiki. Makala haya yanapinga usimulizi huo. Ninashikilia kwamba maamuzi ya uhamiaji na uraia humchuja mwanasoka mkimbizi mapema kuliko kocha yeyote, na kwamba tukimsifu aliyepenya bila kuutazama mlango wenyewe, tunawasahau waliobaki nje.

Tuanze na Kakuma. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1992 katika nchi kame, na wakazi wake wamekuwa wakitegemea mgao wa chakula. Mabil alijifunza soka huko akiwa pekupeku, kwa mpira wa soksi kuukuu na mifuko ya plastiki iliyoviringishwa. Chenga zake zilianzia kwenye vumbi hilo. Kilichobadilisha maisha yake, hata hivyo, ni uamuzi wa mwaka 2006 wa kuipa familia yake makazi Australia, alipokuwa na umri wa miaka 10. Huko Adelaide alikuta viatu, makocha waliosomea kazi yao na ligi za vijana zenye ratiba. Mwaka 2013, akiwa na miaka 17, alianza kuichezea Adelaide United; mwaka 2015 akasajiliwa na FC Midtjylland ya Denmark, na mwaka 2020 akacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Mifano mingine miwili inaonyesha uundaji huo. Alphonso Davies alizaliwa mwaka 2000 katika kambi ya Buduburam, Ghana, na wazazi kutoka Liberia. Familia yake ilipokelewa Kanada akiwa mtoto mdogo. Mjini Edmonton aliingia katika ligi ya bure ya watoto ambao wazazi wao hawamudu ada wala usafiri. Nestory Irankunda alizaliwa kambini Kigoma, Tanzania, mwaka 2006, na wazazi Warundi, akapelekwa Australia akiwa mchanga. Naye alikulia Adelaide United, na wote wawili wakasajiliwa na Bayern Munich. Kambi walizozaliwa ziko mbali kabisa moja na nyingine. Kinachowaunganisha ni kupata makazi katika nchi ya tatu, bahati ambayo kwa mujibu wa UNHCR huwafikia chini ya asilimia moja ya wakimbizi duniani kila mwaka.

Sheria inazidi kuubana mlango huo. Kanuni za FIFA zinamtaka mchezaji wa timu ya taifa awe na uraia wa kudumu, usiotegemea ukaaji wake nchini. Ndiyo maana Davies, aliyekuwa tayari akiichezea Vancouver Whitecaps, alisubiri hadi alipopata uraia Juni 2017, kisha akaichezea Kanada mwezi huohuo. Kwa upande wa Kenya, Katiba ya 2010 humpa uraia wa kuzaliwa mtu ambaye mama au baba yake ni Mkenya. Kuzaliwa Kakuma peke yake hakutoshi. FIFA pia huzuia uhamisho wa kimataifa wa wachezaji walio chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu maalumu. Kizuizi hicho kinafaa, kwa kuwa kinawakinga watoto dhidi ya mawakala walaghai. Lakini maana yake ni kwamba kijana wa kambini hawezi kungoja klabu ya Ulaya ije kumwokoa. Njia yake lazima ianzie pale alipo.

Wapo watakaosema kwamba maelfu ya watoto wakimbizi wamepelekwa Australia na Kanada, na ni wachache tu waliofika kileleni. Kwa hiyo kipaji ndicho kilichoamua. Hoja hiyo ina ukweli, na sikusudii kuipunguza jitihada ya Mabil. Lakini inaeleza tofauti kati ya waliovuka tu. Kuhusu waliobaki haisemi lolote, kwa sababu kipaji chao hakijawahi kupimwa. Kijana anayehitaji kibali kila anapotaka kutoka kambini hawezi kuhudhuria majaribio ya klabu ya Nairobi au Dar es Salaam kama wenzake.

Mabil mwenyewe anaonekana kulielewa hili. Akishirikiana na ndugu yake, alisaidia kuanzisha Barefoot to Boots, shirika linalopeleka viatu na vifaa vya michezo Kakuma. Kazi hiyo inastahili heshima, ila haipaswi kubeba wajibu wa serikali na mashirikisho. Mashirikisho ya soka ya Kenya na Tanzania yanaweza kuzisajili timu za kambini katika ligi za wilaya na kaunti. Serikali zinaweza kutoa vibali vya msimu mzima kwa wachezaji na makocha wao. Nazo klabu kubwa zinaweza kufanya majaribio Kakuma na katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kama zinavyofanya mijini. Hatua hizi hazihitaji viwanja vya kifahari, zinahitaji uamuzi. Zikichukuliwa, kijana wa kambini atapimwa kwa mguu wake, hata kama jina lake halimo katika orodha ya wanaosafirishwa ng'ambo.