Umuravumba: Historia ya Dawa ya Nyuma ya Nyumba nchini Rwanda

Utangulizi

Historia ya tiba nchini Rwanda mara nyingi huanzia siku alipofika mgeni mwenye kalamu. Hapa Kigali, nyumba ya Richard Kandt, daktari Mjerumani aliyeuanzisha mji huu mwaka 1907, leo ni makumbusho. Lakini dawa zilizokuwa zikiota nyuma ya nyumba za wazee wetu hazina makumbusho. Katika insha hii ninaeleza sifa, ukuzaji na matumizi ya mmojawapo wa mimea hiyo, umuravumba, na ninatetea hoja moja: mmea huu ni hati ya kihistoria, na hauwezi kusomwa vizuri bila mzee aliyeupanda.

Sifa na ukuzaji

Wanasayansi huuita Tetradenia riparia. Ni wa ukoo mmoja na mnanaa, mrehani na kivumbasi. Ni kichaka kinachoweza kumzidi mtu kimo, chenye majani mapana yenye vinyweleo vinavyonata kidogo. Ukilisugua jani moja, harufu yake kali hubaki mkononi kwa muda mrefu. Maua yake ni madogo, meupe au ya zambarau iliyofifia, na mmea dume huwa mbali na mmea jike.

Kuukuza si kazi kubwa. Tawi hukatwa mwanzoni mwa mvua, likachomekwa ardhini, likaota. Unapenda jua na hautaki maji yaliyotuama. Familia nyingi ziliupanda kwenye uzio au katika igikari, yaani uwanja wa nyuma ya nyumba, kwa sababu homa ya mtoto usiku wa manane haisubiri mtu aende mbali kutafuta dawa.

Njia hii ya kupanda ina maana kwa mwanahistoria. Mmea unaotokana na tawi ni uleule wa awali, umehamishwa tu. Bibi yangu mzaa mama alipewa tawi lake na mama mkwe wake alipoolewa, pamoja na maelekezo: majani yapi yachumwe, yaandaliwe vipi, na nani asipewe. Tawi na maelekezo vilisafiri pamoja, kutoka kwa mwanamke mmoja hadi mwingine, bila karatasi.

Matumizi na maabara

Majani ya umuravumba yametumika Rwanda kutibu kikohozi, homa, malaria, maumivu ya tumbo, minyoo na magonjwa mengine. Kwa kawaida yalipondwa au kukamuliwa, mgonjwa akanywa maji yake machungu.

Wakemia walipoanza kuuchunguza mmea huu, walikuta mengi. Mwaka 1979 ilichapishwa taarifa ya kemikali iliyopatikana ndani yake, nayo ikapewa jina umuravumbolide. Mwaka 1986 Luc Van Puyvelde na wenzake walieleza kemikali nyingine kutoka kwenye majani hayo, yenye uwezo wa kuzuia bakteria na kuvu. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba kemikali hiyohiyo hulegeza misuli iliyokaza, jambo linalokaribiana sana na kile wazee walichosema kuhusu maumivu ya tumbo. Matokeo ya maabara, hata hivyo, si kipimo cha dawa kwa mgonjwa. Mwenye malaria aende kituo cha afya.

Kinachonigusa ni lile jina. Neno la Kinyarwanda limeingia katika kemia ya dunia, na mwanafunzi wa Brazil au Japani anaweza kulikuta. Ila wanawake walioutunza mmea na kujua kazi yake kabla ya maabara hawakutajwa popote. Jina la mti limehifadhiwa. Ya watu yamepotea.

Hatari iliyopo

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 yaliangamiza familia nzima, na pamoja nazo wazee waliokuwa na maarifa haya. Kuna nyumba ambako umuravumba ulibaki umesimama bila mtu wa kusema ulipandwa na nani. Sasa Kigali inakua, viwanja vinapungua, na kuta za matofali zinachukua nafasi ya uzio wa miti. Jirani yetu aliung'oa wake mwaka jana ili apate mahali pa kuegesha gari. Hakujua ni dawa, wala hakuwa na wa kumwambia.

Hitimisho

Maabara inaweza kuchunguza jani wakati wowote, maadamu mmea upo. Maelekezo ya bibi hayawezi kusubiri hivyo. Napendekeza kila mwanafunzi wa historia amhoji angalau mzee mmoja kuhusu mmea mmoja wa nyumbani kwao, aandike jina la mzee huyo akiridhia, alikoupata mmea na aliyempa, na mahojiano hayo yahifadhiwe katika maktaba ya chuo. Mimi nimeanza na bibi. Amenitajia majina ya wanawake watatu waliomtangulia, na wa nne anaendelea kumkumbuka.