GMC ya Wazee

Anayeandika historia ya missioni yake, au habari za kambi ya wafanyakazi, karibu daima hukuta kamyo ndani yake. Kamyo ilileta saruji ya kanisa, kamyo ilipeleka watu kazini, kamyo ilishusha askari. Mwandishi husikia jina, «ilikuwa GMC», hulitia katika daftari, akaendelea na mambo anayoyaona makubwa zaidi. Sisi twaona yafaa asimame hapo kidogo. Katika seminari tumefundishwa kupima maandiko: nani aliandika, lini, kwa kusudi gani. Chuma nacho hupimwa vivyo hivyo, tena chuma chaweza kututajia mwaka ambao ulimi umeusahau.

Jina peke yake halitoshi. Fungurume mwaka 1915, Waingereza waliposhusha kutoka gari la moshi mashua zao mbili, Mimi na Toutou, zilizokuwa zikienda kupigana na Wajerumani katika ziwa Tanganyika, hazikuvutwa na kamyo. Zilivutwa na mashini mbili za mvuke, zenye bomba la moshi na tanuru la kuni, pamoja na ng’ombe na mikono ya watu, kupita milima ya Mitumba mpaka Sankisia. Anayeandika «kamyo» hapo amefuta kazi ya wale waliokata kuni na kuchota maji njia nzima.

Basi, GMC ni nini? Ni jina la kiwanda cha Marekani, si jina la kamyo moja. Kiwanda hicho kiliuza kamyo za raia miaka mingi kabla ya vita ya pili ya dunia. Lakini ile ambayo wengi huifikiria ni kamyo ya jeshi, ya magurudumu kumi, iliyotengenezwa tangu 1941 mpaka 1945, hasa katika mji wa Pontiac, jimbo la Michigan. Zilitoka zaidi ya 500,000. Jina lake la kweli ni CCKW, nalo husomwa herufi kwa herufi. C ya kwanza ni mwaka wa mfano wake, 1941. C ya pili yasema kabine iko nyuma ya moteri. K yasema magurudumu ya mbele nayo husukuma. W yasema ekseli mbili za nyuma husukuma zote mbili. Kisha namba: 352 ni ile fupi, 353 ni ndefu. Ndugu yake aliyeundwa kuogelea huitwa DUKW, maana D ni 1942 na U ni chombo cha majini. (Wanaolalamika juu ya Kilatini wangefurahi kama kila neno lingegawanyika kwa unyofu hivi.)

Ugumu ni kwamba katika miaka ile ile Studebaker walitengeneza kamyo yao, US6, yenye magurudumu kumi pia na moteri ya silinda sita. Kwa mbali zafanana. Ukifungua kifuniko, moteri ya GMC ina valvu zake juu, na ile ya Studebaker, iliyotengenezwa na Hercules, ina valvu ubavuni. Lakini moteri huhama! Mafundi hutoa moteri katika kamyo iliyokufa na kuitia katika nyingine, pamoja na milango na taa. Hata kibao cha chuma mbele ya shofere, chenye jina la mfano, namba na tarehe, hushikwa na skrubu tu. Shahidi asiyehama upesi ni shasi, na namba iliyogongwa ndani yake. Kibao na shasi vikipatana, tuna mashahidi wawili. Visipopatana, twafuata shasi.

Kabine nayo hufundisha. CCKW za kwanza zilikuwa na kabine ya chuma iliyofungwa. Tangu 1943 wakaanza kuzitoa na kabine wazi, yenye paa la turubai, kwa kuokoa chuma na nafasi melini.

Tuone sasa faida yake. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi, kwa kuwa vita ilikuwa imepandisha bei za vitu na mishahara haikutosha. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, askari waliwapiga risasi. Léonard Mpoyi, mmoja wa wasemaji wao, aliuawa. Hesabu ya serikali ya wakati ule na hesabu ya watu juu ya waliokufa hazijapatana kamwe. Tuseme basi mzee anaonyesha kamyo ya kabine wazi, akisema: hii ndiyo iliyowaleta askari siku ile. Haiwezekani. Mwaka ule kamyo ya namna ile haikuwa imetengenezwa bado. Marekani yenyewe ilikuwa imeshambuliwa siku mbili tu kabla.

Wako watakaorukia hapo na kusema: mzee amekosa juu ya kamyo, basi amekosa juu ya risasi pia. Hiyo ni kritika mbaya. Mtoto aliyekimbia uwanjani hakusoma namba ya shasi. Alimwona baba yake akianguka, na baadaye, alipoona kamyo za vita, kumbukumbu yake ikavaa umbo lile. Kosa la kamyo latuonyesha namna ushuhuda ulivyosafiri. Halimfufui aliyezikwa.

Kolwezi yafaa uangalifu zaidi. Mei 1978 askari wa Ufaransa walishuka kwa parachuti bila magari yao, wakatumia yale waliyoyakuta mjini. Kwa hiyo kamyo iliyo pichani na askari ndani yake yaweza kuwa kamyo ya mgodi tu. Na kamyo ya jeshi la Marekani yenye magurudumu kumi yaweza kuwa M35, iliyoanza 1950 kwa mikono ya REO, ambayo haikuona vita ya Hitler hata kidogo.

Daftarini, maneno ya mzee yaandikwe kama alivyoyasema, na namba ya shasi iandikwe chini yake katika mstari wa peke yake. Namba itangulie kutafutwa, maana wanunuzi wa chuma chakavu hawangoji.