Bandama Kubwa Chini ya Meru: Ngozi Isomwe Kabla ya Sindano

Mwaka 1950 wataalamu wa malaria walikutana Kampala na kukubaliana kuwa kiwango cha malaria katika eneo kipimwe kwa bandama za watoto wa miaka 2 hadi 9: zikivimba kwa zaidi ya nusu yao, maambukizi ni makali. Kwa jamii nzima kipimo hicho kilifaa. Kwa mgonjwa mmoja mmoja kimeacha mazoea mabaya, kwani vidole vikigusa bandama chini ya mbavu za kushoto, fikra hukimbilia malaria.

Jiji la Arusha liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na malaria ni haba. Mtoto wa Sakina au Tengeru asiyewahi kushuka mabondeni, bandama yake ikivimba, anastahili maswali mengine. Mojawapo ni la kasoro za kuzaliwa za mishipa ya damu na ya limfu, kama zile za sindromu ya Klippel-Trenaunay, iliyoelezwa Ufaransa mwaka 1900: baka jekundu la ngozi, vena zilizotutumka, na mguu mmoja kumzidi mwenzake. Mara nyingi chanzo ni badiliko la jeni ya PIK3CA katika baadhi ya seli za kijusi. Halirithiwi, na wazazi waambiwe hivyo waziwazi, maana mama ndiye hulaumiwa kwanza. Kasoro hizo zaweza kufika hadi kwenye bandama.

Dalili ziko wazi kwa anayemvua mtoto nguo zote. Vitabu vingi huonyesha baka hilo kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu huwa la zambarau iliyokolea, hata likadhaniwa alama ya kawaida. Juu yake huweza kuota vilengelenge vidogo vinavyovuja maji au damu. Mguu nao huitwa matende, ingawa matende hayaanzi siku ya kuzaliwa.

Kisha ultrasaundi. Bandama ya malaria kwa kawaida huvimba kwa usawa; yenye kasoro ya limfu huonyesha vyumba vya maji vyenye kuta nyembamba, mithili ya sega la asali. Hapa Arusha ina mtego wake: katika jamii za wafugaji wa Ngorongoro, minyoo ya mbwa huleta mafuko ya maji yanayofanana na hayo. Fuko la minyoo likitobolewa laweza kumwaga mbegu tumboni na kuleta mzio wa kuua. Mishipa ikitobolewa, damu hutoka bila kukoma kirahisi. Kwa hali zote mbili, basi, sindano isubiri.

Wapo watakaosema sindromu hizi ni adimu mno kusumbua kliniki zilizojaa. Lakini kukagua ngozi hakuhitaji mashine, na kutojua huishia kwenye kisu. Bandama ikiondolewa pasipo lazima, mtoto hubaki dhaifu mbele ya malaria na bakteria wa nimonia maisha yake yote. Ikilazimu kuitoa, kwa kuwa imepasuka au inakula chembe sahani za damu, apewe chanjo ya nyumokoka, kabla ya upasuaji ikiwa muda upo, na wazazi wafundishwe kwamba kila homa baada ya hapo ni dharura.