Uji wa Fernald

Katika mji wa Waltham, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, palikuwapo shule ya serikali iliyoitwa Fernald, ambamo walitiwa watoto waliohukumiwa kuwa wana upungufu wa akili, ingawa baadhi yao hawakupungukiwa na kitu ila wazee wa kuwalea. Baina ya mwaka 1946 na 1953, wataalamu wa chuo cha MIT, wakisaidiwa na kampuni ya Quaker Oats, waliwalisha wavulana wa huko uji na maziwa yaliyotiwa chembe za chuma na kalsiamu zitoazo mionzi, ili wajue jinsi mwili uvipokeavyo virutubisho hivyo. Wavulana walitungiwa Chama cha Sayansi, wakapewa saa za Mickey Mouse, wakapelekwa kutazama besiboli. Na barua waliyopelekewa wazazi ilisifu chakula bora, lakini mionzi haikutajwa.

Khabari zilifichuka mwaka 1993, na mwaka 1998 waathiriwa wakakubaliwa fidia ya dola milioni 1.85. Waliochunguza walisema kwamba kiasi cha mionzi kilikuwa kidogo, wala haikuthibitika kuwa kilimdhuru mtu. Nasadiki, lakini dhuluma yenyewe naiona katika ile saa, kwani mtoto aliyefungiwa, asiyezoea kupewa hata peremende, atawezaje kumkatalia mwenye kumvisha saa mkononi?

Ajabu ni kwamba mwaka 1947, uji ungali jikoni, mahakimu wa Kimarekani huko Nuremberg, wakiwahukumu matabibu wa Kijerumani, walikwisha kuandika kuwa ridhaa ya hiari ya mwenye kufanyiwa majaribio ni sharti lisiloepukika. Watoto hawakuwataja. Kanuni za serikali ya Marekani zilingoja hadi 1983 ndipo zikaamuru kwamba, juu ya idhini ya mzazi, mtoto awezaye kufahamu naye aulizwe.

Mwaka 1992 Roger Hart aliiandikia UNICEF juu ya ngazi yenye daraja nane za ushiriki wa watoto, akauweka chini kabisa ushiriki wa hila na wa pambo. Na Chama cha Sayansi, kwa jina lake zuri lote, mimi nisingekipandisha zaidi ya hapo. Kinyume chake, huko London, Alison Clark na Peter Moss, katika kitabu chao cha 2001, walieleza jinsi watoto wa miaka mitatu na minne walivyopewa kamera wapige picha za wayapendayo, kisha wakawatembeza watafiti katika chekechea yao.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 12, umempa mtoto haki ya kusikilizwa kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Ila mizani ya ukomavu huo imebaki kwa mtu mzima, ambaye mara nyingi ndiye huyo huyo autakaye utafiti ukamilike.